Kidonge, maongezi au kungoja: moyo ukielemewa, ushike njia ipi?

Kibahasha kilikuwa cha karatasi ya kaki, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: Diazepam 5mg, 1x1 usiku. Ndani vidonge kumi. Mama mdogo alipewa zahanati, siku chache baada ya arobaini ya mumewe, kwa sababu usiku alikuwa halali. Alikuwa amemweleza aliyemhudumia kwamba kila ikifika saa nane anamsikia marehemu akikohoa chumbani. Mazungumzo yote, pamoja na kuulizwa jina na umri, hayakufika dakika tano. Miezi minane baadaye nikagundua bado anavimeza, na zahanati alikwisha acha kwenda. Ananunua tu dukani, cheti hakuna anayemuuliza.

Katika ukoo huohuo nina mpwa, kijana wa chuo, aliyefika mahali akawa haogi, hali, hasemi, wiki ya sita hiyo. Hakufiwa, hakuachwa, hadaiwi. Yeye daktari wa magonjwa ya akili alimwandikia fluoksetini, dawa ya sonona (depression), na ndani ya miezi miwili akarudi kuwa mtu wa watu. Kwa hiyo asiondoke mtu hapa akidhani nasema vidonge ni sumu. Wale wawili walikuwa na shida mbili tofauti kabisa, na wote wawili walitoka na kibahasha.

Mimi si daktari. Nimesindikiza wagonjwa, nimesoma, nimeuliza maswali mpaka nikachosha watu. Kama nawe umekwama kati ya kumeza, kuongea na kuvuta subira, huu ni ulinganisho wa njia hizo tatu, kila moja ikipimwa kwa maswali yaleyale.

Kwa nini swali hili limekuja

Nchi tajiri ndizo zilizotangulia kulikoroga. England peke yake, yenye watu kama milioni 57, zaidi ya milioni 8 huandikiwa dawa za sonona kwa mwaka. Marekani nako kuna kitabu wanachokitumia madaktari kuamua nani mgonjwa wa akili, kinaitwa DSM. Chapisho lake la nne, la mwaka 1994, lilimtaka daktari asiharakishe kumwita mfiwa mgonjwa wa sonona ndani ya miezi miwili ya kwanza, isipokuwa dalili ziwe nzito mno. Chapisho la tano, la 2013, likaiondoa kinga hiyo, kwa hiyo mfiwa naye akaweza kuitwa mgonjwa dalili zikifika wiki mbili tu. Walioiondoa walikuwa na hoja: mfiwa naye hupata sonona ya kweli, na wapo wanaojiua. Waliopinga wakauliza, wiki mbili baada ya kumzika mume, ni nani halali vizuri na kula akashiba? Mjane wa Kiislamu sharia imempa miezi minne na siku kumi za eda. Wiki mbili ni kanga bado hazijafuliwa.

Kwetu hali ina pande mbili zinazogongana. Mwenye sonona ya kweli mara nyingi haioni tiba, maana wataalamu ni wachache na wamerundikana mijini. Ukishataja Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Kidongo Chekundu ya Unguja, orodha inaanza kukuishia. Mwenye mawazo ya kawaida naye hupewa cha kumlaza. Foleni ni ndefu, kidonge ni chepesi kutoa, na tuseme kweli, mgonjwa wetu asipotoka na kitu mkononi huona hakutibiwa.

Maswali ya kupimia

Moja, njia hii inagusa nini hasa, chanzo cha maumivu au dalili? Mbili, inachukua muda gani? Tatu, inagharimu nini, mfukoni na mwilini? Nne, kutoka kwake kukoje? Tano, ikikosea, inakosea vipi?

Swali la nne ndilo tunalolisahau. Mama mdogo aliambiwa jinsi ya kuanza. Jinsi ya kuacha hakuna aliyemwambia.

Na ile karatasi ya maswali tisa wanayokupa siku hizi kliniki, PHQ-9, ijue ilivyo. Inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai, mawazo ya kufa. Alama 10 kwenda juu huhesabiwa ni dalili ya kufuatilia. Ni chombo kizuri cha kushtua. Iliundwa kwa ufadhili wa Pfizer, kampuni iliyokuwa ikiuza dawa ya sonona, ingawa hilo peke yake haliifanyi mbovu. Imepimwa nchi nyingi na imefanya kazi yake. Upungufu wake ni kwamba inahesabu dalili, haiulizi sababu. Mjane wa juzi na kijana asiye na msiba wowote wanaweza kutoka na alama sawasawa.

Njia ya kwanza: kungoja ukiwa na watu

Hapa sisemi ukae tu ukingoja yapite. Nasema kungoja kwa macho: kuna mtu anayejua hali yako, kuna tarehe mliyokubaliana kuiangalia tena, tuseme wiki mbili au nne, na kuna watu karibu.

Inagusa nini. Huzuni yenye jina: msiba, ndoa kuvunjika, kufeli mtihani, kupunguzwa kazini, mwaka wa kwanza ugenini. Maumivu ya namna hii hupanda na kushuka, na kwa walio wengi hupungua yenyewe maisha yakipata umbo jipya. Hata kumsikia marehemu akikohoa, au kuhisi amekaa ukingoni mwa kitanda, huwapata wafiwa wengi, na peke yake si wazimu. Laiti mtu angemwambia mama mdogo neno hilo moja.

Sisi tumejaliwa matanga. Wanawake wanalala chini kwenye mikeka pamoja na mfiwa, jirani anapika uji, shemeji anapeleka watoto shule, na mfiwa haachwi peke yake hata kwenda chooni. Lakini tusijisifu kupita kiasi. Matanga yanaanuliwa siku ya tatu au ya saba, viti vya kukodi vinarudishwa, watu wanapanda magari. Mama mdogo hakukosa usingizi nyumba ikiwa imejaa. Alianza kuukosa turubai lilipokunjwa. Mnaotaka kumsaidia mfiwa, nendeni mwezi wa tatu, na mkae hadi usiku.

Muda. Wiki hadi miezi. Vitabu vyenyewe vya tiba havikubaliani lini majonzi yageuke ugonjwa: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, unaweka angalau miezi sita, DSM iliyorekebishwa mwaka 2022 inaweka mwaka mzima kwa mtu mzima.

Gharama. Pesa karibu hakuna. Gharama yake ni muda wa watu wengine, na wapo wasiokuwa nao. Dada aliye kazini kwenye nyumba ya mtu Muscat, au kaka wa zamu za usiku Minneapolis, hana mkeka wa kulaliwa na shangazi zake. Kwake njia hii ni ghali kuliko zote.

Kutoka. Hakuna cha kutoka.

Ikikosea. Inakosea pale kungoja kunapogeuka kutelekeza. Mtu anazama, sisi tunamwambia ajikaze, imani yake ndogo, karogwa. Wapo waliokatazwa dawa zilizokuwa zinawasaidia kwa sababu wameombewa. Dua na maombi havigombani na tiba. Anayegombanisha ni binadamu.

Njia ya pili: maongezi yenye mpangilio

Zimbabwe kuna benchi. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha mabibi wa Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Waliita Friendship Bench. Kishona kina neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, kwa sababu kwao kufunga ni kufikiri. Ni yale yale tunayoyaita mawazo. Bibi hamwambii mgonjwa kwamba ana ugonjwa fulani. Anamwacha amwage yote, kisha wanachagua tatizo moja, moja tu, na hatua ndogo ya kuchukua kabla ya kuonana tena. Kodi ya chumba, kwa mfano: utaongea na mwenye nyumba siku gani, utamwambia nini?

Inagusa nini. Chanzo, pale chanzo kinapogusika, na namna unavyokibeba pale kisipogusika. Matokeo ya benchi yalichapishwa mwaka 2016: kati ya washiriki 573, baada ya miezi sita wenye dalili za sonona walikuwa kama 14 katika kila 100 kwa waliokaa na mabibi, na 50 katika kila 100 kwa waliopata huduma ya kawaida. Uganda walikwisha onyesha jambo la kufanana. Huko Masaka na Rakai vijiji 30 viliingizwa katika utafiti uliotoka mwaka 2003, na watu wa vijijini waliofunzwa wakaendesha vikundi vya maongezi kwa wiki 16. Mwishoni waliobaki na sonona katika vikundi walikuwa kama 6 au 7 kwa 100, wakati vijiji visivyokuwa na vikundi walizidi 50. Hawa hawakuwa watu wenye huzuni ndogo, na hakuna kidonge kilichotolewa katika vikundi vile.

Muda. Vikao vitano au sita kwa mipango mifupi, hadi miezi minne kwa mirefu. Usitegemee usingizi urudi usiku wa kwanza.

Gharama. Nauli, masaa, na aibu. Mjini, saa moja ya mshauri binafsi huweza kuzidi bei ya vidonge vya mwezi mzima. Huduma za bure zipo kwenye baadhi ya hospitali za serikali, vyuo, misikiti na makanisa, lakini ubora ni bahati yako.

Kutoka. Kikao cha mwisho kinajulikana tangu cha kwanza. Ukitoka unabaki na ulichojifunza.

Ikikosea. Mshauri asiyefunzwa ni hatari kama dawa iliyokosewa. Atatoa siri yako sokoni. Atamwambia mke anayepigwa avumilie, ndoa ndivyo zilivyo. Dalili rahisi ya mshauri mbovu ni kwamba dakika ya kumi tayari anaongea kuliko wewe. Halafu kuna kizito ambacho maongezi hayakifikii: mpwa wangu wiki ile ya sita hangeweza kuongea na bibi yeyote, mdomo wenyewe ulikuwa haufunguki.

Njia ya tatu: vidonge

Kwanza tutenganishe, maana huku kwetu vyote vinaitwa dawa za usingizi au dawa za mawazo. Kuna dawa za sonona, kama fluoksetini na amitriptilini. Na kuna dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu, ile ambayo wazee wanaiita Valium. Ni vitu viwili tofauti.

Inagusa nini. Dalili. Dawa za sonona hufanya kazi kuliko kidonge bandia, yaani kile cha majaribio kisicho na dawa ndani. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018, uliokusanya majaribio 522 ya dawa 21, ulionyesha hivyo kwa kila moja. Ila uchambuzi mwingine, wa 2010, ulionyesha tofauti hiyo ni kubwa kwa wenye sonona kali sana, na kwa wenye sonona nyepesi au ya wastani inakuwa ndogo au haionekani. Ndiyo maana mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayowaandikia madaktari miongozo ya tiba, uliotoka 2022, unasema dawa zisiwe kitu cha kwanza kwa sonona isiyo kali, mpaka mgonjwa mwenyewe azitake.

Utasikia pia kwamba umepungukiwa serotonini, kemikali ya ubongo, kichwani. Mapitio ya mwaka 2022 yaliyoongozwa na Joanna Moncrieff wa London hayakupata ushahidi thabiti wa jambo hilo. Usiruke kutoka hapo ukasema basi dawa hazifanyi kazi. Dawa huweza kumsaidia mtu hata kama maelezo aliyopewa dirishani si sahihi. Ila usimeze maisha yako yote kwa kuamini ubongo wako umeumbwa na upungufu.

Diazepamu yenyewe haitibu sonona. Inanyamazisha hofu na inaleta usingizi, basi.

Muda. Dawa za sonona huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, pengine sita, na maudhi yake hutangulia nafuu yake. Wengi huacha hapo katikati, wakiwa wamelipia machungu bila kufikia tamu. Ukishapona unashauriwa kuendelea angalau miezi sita. Diazepamu inakulaza usiku uleule, na ndiyo sababu inapendwa.

Gharama. Dawa hizi zisizo na jina la kampuni kubwa hazina bei ya kutisha. Mwili ndio unaolipa: kichefuchefu, kukosa hamu ya tendo la ndoa au kushindwa kulimaliza, na kwa amitriptilini kinywa kukauka, choo kigumu, usingizi wa mchana. Kwa vijana chini ya miaka 25, mawazo ya kujidhuru huweza kuongezeka wiki za mwanzo, kwa hiyo asiachwe peke yake.

Hapa nina neno la pembeni kuhusu amitriptilini. Wengi hupewa 25mg usiku, miezi na miezi, wakiambiwa ni ya sonona. Dozi hiyo ni ya kuanzia. Kwa sonona hupandishwa taratibu hadi 75 au 100 na zaidi. Ukibaki kwenye 25, mara nyingi unachopata ni usingizi na kupungua kwa maumivu ya mwili. Muulize daktari wako ni kipi kati ya hivyo alichokusudia.

Kutoka. Hapa ndipo penye kazi. Dawa za sonona hupunguzwa polepole. Ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, hasira, ndoto kali, na ukadhani ugonjwa umerudi. Diazepamu ikipita wiki mbili hadi nne mwili huanza kuizoea, na kuikata ghafla baada ya miezi huleta mitetemo, hofu kali kuliko ya mwanzo, hata degedege.

Ikikosea. Amitriptilini nyingi kwa mpigo huua kwa kuvuruga moyo, kwa hiyo nyumba yenye mtu anayetaka kufa isiwekwe pakiti nzima. Diazepamu ukiichanganya na pombe au dawa kali za maumivu kama tramadoli huzima pumzi. Wazee huanguka usiku wakienda msalani. Mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurushwa juu, halali siku tatu na anauza vitu vya nyumba. Na kuna kosa lisiloandikwa kwenye pakiti: kidonge kinaweza kumfanya mtu aweze kuvumilia kile ambacho hakupaswa kukivumilia, kipigo cha nyumbani au bosi anayemdhalilisha kila siku.

Kwa hali yako

Umefiwa na miezi bado michache, unakula japo kidogo, unaamka, kuna saa unacheka: anza na watu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unakataza kumpa diazepamu na jamii yake mfiwa asiye na ugonjwa wa akili, na haukuandikwa na wakatili wasiojua kukosa usingizi. Kama miezi sita imepita na siku ya leo ni kama siku ya mazishi, tafuta mtaalamu wa maongezi.

Unachobeba kina jina, deni, ndoa, mtoto aliyepotea mjini: maongezi yenye mpangilio yanakufaa kuliko kidonge. Kama unapigwa, cha kwanza ni usalama.

Zimepita wiki zaidi ya mbili, hakuna sababu unayoiona, kazi zimekushinda: nenda hospitali, na uombe kwanza wapime damu na tezi la shingo, maana upungufu wa damu na tezi lililolegea huiga sonona vizuri mno. Wakisema ni sonona ya wastani, una haki ya kuchagua maongezi, dawa, au vyote pamoja. Ikiwa kali, dawa ina nafasi yake halali na usiionee haya, wala usimruhusu shangazi wa kikundi cha familia akuonee haya kwa niaba yako.

Unafikiria kujiua, umeacha kula, unasikia sauti zinazokuamuru, au umejifungua na unaogopa utamdhuru mtoto: hapa hakuna kulinganisha. Leo, hospitali, na mtu wa kukusindikiza.

Uko ugenini na daktari ana dakika kumi: mwambie wazi kilichokupata kabla ya kumwambia dalili, na uulize kama kuna huduma ya maongezi kwa lugha yako au mkalimani. Ukianza na usingizi, utatoka na cha usingizi.

Unapewa dawa sasa hivi, uko dirishani: uliza ni ya nini, nitaimeza hadi lini, na nitaiachaje. Mhudumu mzuri hatachukia.

Na kama tayari unameza, iwe miezi au miaka, usitupe vidonge chooni usiku wa leo kwa sababu umesoma makala. Chukua kibahasha, mrudie aliyekuandikia au mwingine anayejua kazi yake, mpange kushuka. Mama mdogo alishushwa kwa zaidi ya miezi mitatu na afisa tabibu mwanamke, akikata vidonge kwa wembe juu ya sahani, na binti yake akahamia kulala chumbani mwake. Vibahasha vilikuwa vilevile vya kaki. Cha mwisho kiliandikwa: nusu, siku moja ndiyo siku moja hapana, kisha njoo tuongee.